Mwito wa Baba Kolumba

Osmund Komba alikuwa katikati ya kusimulia kisa cha mama mkwe wake na mbuzi aliyeingia ofisi ya kata, mikono yake yote miwili imekumbatia kiriba cha maji, mkewe alipomwita.

Mkewe alikuwa nyumbani, Mbinga. Osmund alikuwa ndani ya ghala la Kichuguu, chombo cha kubeba barafu hadi Mwezini, mahali ambapo Dunia nzima ilikuwa nukta ya buluu unayoweza kuificha kwa ncha ya kidole. Hata hivyo sauti ilimfika sikioni, kali kidogo, ya mwanamke anayemwona mumewe anataka kukalia sahani: "Baba Kolumba, shika!"

Hakufikiri. Kiriba kilimtoka, mkono wa kulia ukaruka wenyewe hadi kwenye bomba la ukutani, kidevu kikazama kifuani, magoti yakapanda juu. Upande wa pili wa ghala, kapteni wake, Nakijwa Mbwambo, alikuwa ameshashika bomba lake, maana naye aliitwa sikioni mwake kwa sauti ya mtu mwingine. Kisha Kichuguu kikapiga teke.

Kiriba alichokiachia Osmund hakikufanya lolote. Kilikaa palepale kilipokuwa, na ghala zima likakisogelea mpaka ukuta ukakipiga pwaa. Kingekuwa kichwa cha mtu, hadithi ya mbuzi ingeishia hapo.

"Basi mbuzi," alisema Osmund huku akiachia bomba, "akala fomu ya diwani."

Nakijwa alicheka mpaka akalazimika kushika tena.

Watu wa nyumbani husikia kwamba huku juu hakuna kinachoanguka, wakadhani ni raha. Si raha. Kiriba hakina uzito, lakini ubishi wake uko palepale: ukitaka kiende lazima ukilazimishe, na kikishaanza kwenda, ukitaka kisimame lazima ukilazimishe tena. Kila unapokisukuma mbele, chenyewe kinakusukuma nyuma kwa nguvu ileile, bila kujali cheo chako. Na kazi yao ndiyo hiyo, kuhamisha viriba. Injini ya Kichuguu inatakiwa isukume kupitia katikati ya mzigo wote. Barafu iliyofungwa nyuma ikiyeyuka upande mmoja, mzigo unaegemea, na chombo badala ya kwenda kinaanza kuzunguka. Kwa hiyo watu wawili, kila mmoja upande wake, huvuta viriba huku na huku mpaka mizani ikae sawa.

Tatizo ni kwamba barafu ile ina mifuko ya gesi. Jua likiipiga, gesi inafoka bila kuaga, chombo kinayumba, na injini inakirudisha njiani papo hapo kwa teke moja. Kati ya kuyumba na teke kuna muda wa kutamka maneno mawili matatu tu. Mtu hawezi kusikia, kuelewa, kuamua na kushika ndani ya muda huo. Akili haifiki. Mwili ndio unaofika, ukifundishwa.

Mwanzoni wahandisi walitumia kengele. Mwili ukaizoea kengele, kwa sababu chombo chote kinalia milio kutwa nzima, na watu wakavunjika shingo huku kengele zao zikilia vizuri kabisa. Ndipo wakaitwa wanasaikolojia, nao wakafukua somo la kale la mbwa aliyepigiwa mlio kila akiletewa nyama, mpaka mlio peke yake ukamtoa mate. Wakasema: tafuteni mlio ambao mtu hawezi kuuzoea, hata akiwa amechoka, hata akiwa amelala. Jibu likawa sauti ya mtu wake. Kwenye kituo cha mafunzo rubani anavishwa bangili mkononi. Anaitwa kwa sauti hiyo iliyorekodiwa, kupitia kidude cha sikioni, halafu bangili inampiga umeme na sakafu inavutwa chini yake, isipokuwa akiwahi kushika. Anaitwa tena na tena kwa wiki kadhaa. Baadaye bangili inavuliwa, na mkono unaruka wenyewe. Wao wenyewe huuita mwito.

Mwito una gharama yake. Sauti iliyofungwa na maumivu haibaki sauti tu. Ndiyo maana mwenye sauti haruhusiwi kuzungumza na rubani safari nzima, wala mtu yeyote chomboni hatamki jina lililomo kwenye mwito. Osmund nyumbani ni Baba Kolumba kwa kila mtu, kwa jina la bintiye, lakini ndani ya Kichuguu alikuwa Komba tu. Na rubani akirudi, hapelekwi kwa familia moja kwa moja. Anawekwa kwanza chumbani akisikilizishwa sauti ileile bila umeme, bila teke, siku nenda siku rudi, mpaka mwili usadiki kwamba hakuna kinachokuja. Huko ndiko kufutwa.

Osmund alichagua sauti ya mkewe, Edeltruda, kwa sababu hakuna aliyempenda zaidi. Nakijwa alipoulizwa nani wake, alifikiri mpaka karani akachoka kumsubiri. Wazazi walikuwa wameshafariki, na mume alikuwa ameshaoa kwingine. Mwishowe akamtaja Mwalimu Namsifu, aliyekuwa mwalimu wa bweni kule Usangi, mwanamke ambaye kikohozi chake kilitosha kunyamazisha wasichana wote. Yule mama alikubali kwa nauli na chai, akasema "Nakijwa! Shika!" mara moja tu, ikatosha. Wenzake walimcheka kwa uchaguzi huo. Nakijwa naye alicheka, ingawa haikumchekesha.

*

Habari ilifika Osmund akiwa amelala. Aliyeituma ni Daktari Mlacha, mwanasaikolojia wa kampuni, na kwa sura yake kwenye kioo cha mawasiliano Nakijwa alijua kabla hajasikia. Edeltruda alianguka uwanjani akianika kahawa. Shinikizo la damu. Hakufika hospitali.

"Kapteni, nakuomba usimwambie," alisema Daktari. "Breki zinaanza karibuni, na mateke yatakuwa mfululizo. Mwito wake ni sauti ya marehemu. Akijua, sijui mkono wake utafanya nini. Hakuna anayejua. Mkishasimama salama, utamwambia."

Ujumbe wa kwenda na kurudi ulichukua muda wa kupika chai na kuinywa, kwa hiyo Nakijwa alikuwa na nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu. Hakuitumia. Alijibu "sawa" upesi, na hakuona kama anafanya jambo geni. Kwao hata yeye alipofiwa na baba, akiwa chuoni, alipigiwa simu kwamba mzee anaumwa kidogo, aje. Alisafiri kutwa nzima na dawa za malaria kwenye mkoba. Aliambiwa alipofika, ameshakalishwa, ameshikwa huku na huku na shangazi zake. Mtu aliye njiani haambiwi. Anaambiwa akishasimama. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na sijui mtu wetu ambaye haijui.

Lakini hakuweza kukaa kimya kabisa, maana uso wake ulikuwa unamwumbua. Walipokuwa wakila, alisema kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, "Komba, kuna salamu toka nyumbani. Wifi anaumwa kidogo. Wamempumzisha hospitali."

Osmund aliacha kutafuna. "Anaumwa nini?"

"Presha, nadhani. Wanamwangalia."

"Mama yake yupo naye?"

"Yupo." Hilo angalau lilikuwa kweli, kwa namna yake.

"Basi mwambie Daktari anifikishie salamu. Mwambie wifi yako aache kubeba magunia, mimi nikirudi nitabeba. Ungeweza kuniunganisha naye, dada? Dakika moja tu?"

"Sheria unaijua, Komba."

"Naijua," alisema Osmund. Alikunja mfuko wa chakula vizuri, ukiwa nusu, akaurudisha kwenye kabati.

Tangu hapo kila alipoamka aliuliza, na Nakijwa akawa anatafuta jibu. Amekula uji. Ameamka, amekaa. Anakusalimu. Amecheka kusikia habari ya magunia. Kila jibu lilimpa Osmund nafuu ya muda mfupi, na kila nafuu ilimchoma Nakijwa palepale. Alikuwa anamwuguza marehemu kwa mdomo wake mwenyewe, na marehemu alikuwa anaendelea vizuri. Visa vya mama mkwe vikaisha. Osmund akimaliza kazi alijifungia kwenye mfuko wake wa kulalia, macho yamefumbwa, kidole kimegusa kidude cha sikioni, na mara nyingine midomo yake ilitabasamu. Nakijwa alidhani anasali. Hakumsumbua. Alikaa peke yake mbele ya kioo, akaona alivyokuwa amezoea kelele za yule mtu, na alivyokuwa hana kingine.

*

Teke lililofuata liliwakuta ghalani, wanahamisha viriba vya mwisho. Nakijwa alimsikia Mwalimu Namsifu, akashika. Alipogeuza macho alimwona Osmund amesimama hewani katikati ya ghala, mikono wazi, kichwa kimeinama upande kidogo, kama mtu anayesikilizia redio ya jirani.

"Shika!" alipiga kelele Nakijwa, lakini alikuwa amechelewa.

Ukuta ulimfuata ukampiga begani, akazunguka, akagonga fremu ya pili kwa mbavu. Sauti ya bega likichomoka ilisikika mpaka upande wa pili.

Alimvuta hadi chumba cha mbele, akamfunga kwa mikanda, akalirudisha bega kwa kufuata maelekezo ya kitabu huku Osmund akitukana kwa Kingoni. Alipomaliza, wote wawili walikuwa wanahema.

"Kidude hakikulia?" aliuliza.

"Kililia."

"Sasa?"

Osmund alitazama pembeni. "Alikuwa anaongea, dada. Ningekimbilia wapi wakati anaongea?"

Nakijwa alinyoosha mkono, akakitoa kidude sikioni mwake. Kina kitufe kidogo pembeni, cha kujaribia sauti pale unapobadilisha betri. Rangi ya kitufe ilikuwa imelika kwa kubonyezwa.

"Umekuwa unamsikiliza."

"Si mazungumzo," alisema Osmund haraka. "Sheria inakataza mazungumzo. Mimi sikumwongelesha. Nilikuwa nasikiliza tu alivyoniita. Mwanzoni mkono ulikuwa unaruka kila nikibonyeza, mpaka nikaufunga na mkanda. Baadaye ukatulia. Baadaye ikawa yeye, dada. Yeye mwenyewe, anavyoniita nikiwa nimesahau kuvua viatu mlangoni. Mke wangu anaumwa na mimi niko huku, ulitaka nisikilize nini?"

Nakijwa alielewa kilichotokea kama ambavyo mhandisi anaelewa mfereji uliochimbwa na maji. Sauti imelia mara zisizo na idadi, na teke halikuja. Mwili umesadiki. Osmund amejifuta mwenyewe, kabla ya wakati, akiwa amejifungia kwenye mfuko wa kulalia. Na aliyemsukuma huko ni yeye, kwa ule ugonjwa mdogo aliomzulia mkewe. Angemwambia ukweli, au asingemwambia chochote, kitufe kile kingekuwa na rangi yake.

Daktari Mlacha alipokea taarifa na jibu lake lilikuja la mtu aliyejiandaa.

"Breki haziahirishiki, hilo unalijua kuliko mimi. Chombo kinakwenda, na kisiposimamishwa kitaendelea kwenda, kiupite Mwezi, kiwapeleke msikokutaka. Peke yako huwezi viriba vya pande mbili. Na Komba huwezi kumfunga kwenye kiti, kwa sababu kazi iko ghalani. Kwa hiyo anahitaji mwito mpya, sasa hivi. Kurudia sauti ileile inawezekana, mwili unakumbuka upesi ukipigwa umeme tena. Lakini nina njia bora." Alisita kidogo. "Tulikwenda msibani. Tulimwomba binti. Amekubali. Nimekutumia."

Faili lilikuwa fupi. Nakijwa alilisikiliza mara moja. Sauti ya msichana wa miaka kumi na kitu, imekauka kwa kulia, na nyuma yake kwa mbali wanawake wanaimba wimbo wa kanisani. "Baba, shika." Kisha, kabla hawajazima, akimwuliza mtu pembeni: "Hivyo inatosha?"

Ilitosha kabisa. Hakuna baba ambaye mkono wake usingeruka. Nakijwa angeweza kuiweka kwenye kidude, amvishe Osmund bangili, aseme ni mazoezi. Angekuja kumweleza baadaye, wakiwa wamesimama. Watu walio Mwezini wangepata maji yao, na wao wawili wangefika wazima. Alijaribu kuona ubaya wa njia hiyo na kwa muda hakuuona. Halafu akawaza Osmund anafika Mbinga, amefiwa na mke, na bintiye, ndiye pekee aliyebaki, anamkimbilia akiita, na yeye anajikunja ukutani kwa hofu. Wangemfuta, ndiyo. Wiki, miezi. Lakini binti angeona mara ya kwanza.

Alihisi hasira, na sehemu kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshika kidude mkononi na faili tayari limefunguliwa.

*

Alijifunga mkanda mbele ya Osmund ili asielee, magoti yakikaribia kugusana. Hiyo ndiyo namna ya kukaa chini iliyokuwapo.

"Komba," alisema. "Nina habari."

Osmund alimtazama, akatazama mikanda, akatazama jinsi alivyokaa. Mtu wa kwetu haambiwi mara mbili.

"Lini?" aliuliza.

"Siku ile niliyokuambia anaumwa. Alikuwa ameshafariki. Alianguka uwanjani, hakuteseka. Wamemzika kwenu, juu ya shamba la kahawa."

Macho ya Osmund yalijaa. Machozi hayadondoki huku juu. Yanakaa juu ya jicho na kunenepa, mpaka mtu haoni, na kuyapangusa ni kuyahamisha tu. Nakijwa alichukua kitambaa akayafyonza nacho taratibu, jicho moja, halafu jingine. Osmund aliuacha mkono wake ufanye hivyo, kisha akausukuma.

"Uji," alisema. "Uliniambia amekula uji."

"Ndiyo."

"Nikamwambia aache kubeba magunia. Ukanijibu amecheka."

"Ndiyo, Komba. Nilikosea. Nilidhani nakusitiri."

"Ulinisitiri!" Alipiga ukuta kwa mkono mzima, na kwa kuwa kila pigo hurudi kwa mpigaji, mkanda ulimvuta begani akapiga ukelele wa maumivu. Baada ya hapo alilia kweli, kwa sauti, mtu mzima. Nakijwa alimshika mguu kwa sababu bega halikushikika, na alilia naye, si kwa ajili ya Edeltruda, ambaye hakuwahi kumwona, bali kwa kuona jinsi mtu mmoja alivyo mchache kwenye msiba. Pale pangetakiwa watu hamsini, mikeka, sufuria kubwa, na mtu wa kubishana kuhusu wali.

Alipotulia, Nakijwa alimweleza yaliyobaki, na safari hii hakupunguza kitu. Alimweleza breki, na mwito uliokufa. Akamsikilizisha faili la Kolumba mpaka mwisho, mpaka lile swali la pembeni.

Osmund alisikiliza akiwa amefumba macho. "Walimwomba msibani," alisema.

"Msibani."

"Futa."

"Komba, ukikataa hiyo inabaki sauti ya wifi. Daktari anasema ukipigwa umeme kidogo itarudi upesi."

"Hapana. Ile usiiguse." Alisema kwa upole sasa, na ule upole ulikuwa mgumu kuuhimili kuliko kelele. "Dada, sikiliza. Miaka yote ya kazi hii niliogopa sauti ya mke wangu. Nikirudi nyumbani, hata baada ya kufutwa, akiniita ghafla kidole kilikuwa kinashtuka. Aliona, akawa ananiita polepole. Leo nikibonyeza pale, namsikia bila kuogopa. Ndiyo iliyobaki. Ukiitia umeme, nitakuwa nimemzika mara mbili. Na mtoto sitamgusa. Wa nyumbani wasiguswe tena."

"Basi tutapita Mwezi."

"Hatutapita." Alimtazama moja kwa moja. "Niite wewe."

Nakijwa hakuelewa mara moja, au alielewa akajifanya bado. "Mimi si mtu wako."

"Nimekaa na wewe kuliko nilivyokaa na ndugu yangu yeyote. Juzi niliota naanguka, na aliyenipigia kelele ulikuwa wewe. Mwili unakujua."

Kilichofuata alikijua bila kuambiwa, lakini alikisema, ili kiwe kimesemwa. "Mwenye sauti haongei na rubani. Kutoka hapa mpaka watufungulie mlango, Komba, sitaweza kukuambia hata habari za asubuhi. Na wewe ukinisikia nakohoa utaruka. Hapa hakuna mtu mwingine."

"Najua. Ndiyo maana sikuamuru, nimekuomba."

Alifikiri habari za kimya. Alikuwa anakijua kimya, alikuwa amekaa nacho miaka kwenye nyumba ya Usangi yenye vyumba vingi na sahani moja, na alikuwa amekubali kazi hii, ukweli usemwe, kwa sababu chombo kina watu wawili. Aliogopa. Alitaka kumwambia kwamba anaogopa, akaona kwamba mwenzake naye anajua.

"Haya," alisema. "Lakini kwanza tuongee."

Wakaongea. Msiba hauwezi kupita bila watu kuongea, na hao watu walikuwa wao. Osmund alimweleza jinsi alivyomwona Edeltruda kwenye mnada wa kahawa akigombana na mpima mizani, na jinsi alivyopeleka posa na shangazi aliyesahau jina la ukoo wa binti. Alimaliza na kisa cha mbuzi, ambacho kumbe kilikuwa na sehemu ya pili, wakacheka wote, na Osmund akalia katikati ya kicheko. Nakijwa alimweleza alivyokaa mbele ya karani bila jina la kutaja. Hakuwa amemwambia mtu. Osmund hakumpa pole ya haraka. Alisema tu, "Sasa utakuwa na wa kumtaja." Waliongea mpaka maneno yakaanza kurudia, halafu wakayarudia.

Kisha Nakijwa alimvisha bangili mkono wa kushoto, ule mzima, akamsogeza karibu na bomba, akashika kitufe cha umeme.

"Nikuite jina gani?"

"Komba. Kama siku zote."

"Pole sana, Komba."

"Asante, dada. Anza."

"Komba, shika!" aliita, huku kidude kikirekodi sauti yake.

Akabonyeza. Mwili wa Osmund ulikunjamana, mkono ukaenda kwenye bomba ukiwa umechelewa, na macho aliyomtazama nayo yalikuwa ya mtu aliyepigwa na rafiki. Nakijwa alitaka kusema samahani, akakumbuka. Osmund alitikisa kichwa kuashiria aendelee. Akamwita tena. Akamwita mpaka jasho likawafunika wote wawili, mpaka lile jina alilozoea kumwita kwenye chai na kwenye kazi likawa halina maana nyingine, mpaka mkono ukaanza kuwahi, kwanza kidogo, halafu kabisa. Mwisho aliita bila kubonyeza. Vidole vya Osmund vilikuwa vimeshafunga bomba, kidevu kifuani, magoti juu, kabla neno halijaisha.

Imekubali. Mateke yakianza, mtu huyu ataishi. Nakijwa alimfungua bangili, akaona ngozi iliyobabuka chini yake, na furaha ikamjia kwa nguvu kiasi kwamba alifungua mdomo amwambie kwamba ameweza.

Mdomo ulipofunguka tu, mkono wa Osmund ulianza kukaza vidole. Nakijwa akaufunga.